Vyumba vya Kupangisha Ndani ya Diski

Dokta hakuwa daktari wa watu, wala wa mifugo, wala hakuwahi kukanyaga chuo chochote cha utabibu. Jina hilo alijipa mwenyewe siku alipookota kipimo cha kusikilizia moyo nje ya duka la dawa. Alikivaa shingoni, akagundua jambo moja: mteja akikuona umefumba macho unaisikiliza kompyuta kwa kipimo hicho, hathubutu tena kubishana bei. Tangu hapo alizunguka mitaa na mkoba wake wa bisibisi, akitibu kompyuta, simu, redio na, kwa makubaliano maalumu, hata saa za ukutani.

Asubuhi hiyo alikuwa amesimama nje ya duka la kutoa nakala, akitafuta mtu wa kumnunulia chai, aliposikia ugomvi. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa sauti moja, na ulitoka dirishani kwa Mzee Funguo.

"Nimekununulia diski kubwa! Ya bei mbaya! Halafu unaniambia huioni? Huioni vipi na iko tumboni mwako?"

Kuna watu wakisikia maneno kama hayo huingiwa na huruma. Dokta aliingiwa na njaa.

Mtaa mzima ulimjua Mzee Funguo. Alikuwa na nyumba ndefu ya vyumba vya kupangisha, mlango unatazamana na mlango, na uani kulikuwa na bomba moja lililofungwa kwa kufuli. Choo nacho kilikuwa na kufuli, na swichi ya taa ya korido pia. Funguo zote zilining'inia kiunoni mwake, unamsikia kabla hujamwona. Mpangaji akichelewesha kodi, vitu vyake vilihamia stoo ya mzee, na kutoka humo ilikuwa kazi. Hata hiyo laptop ilitoka stoo humo humo, baada ya mpangaji mwenye nayo kushindwa kuikomboa. Mtu mwenye akili timamu angefikiri sana kabla ya kupeleka mali yake karibu na stoo ile. Dokta hakufikiri sana, na tutaona.

Na mali alikuwa nayo. Mkobani, katikati ya bisibisi, kulikuwa na diski ndogo ya kuchomeka, na ndani yake video ya harusi ya mpwa wake. Video hiyo ilikuwa kila kitu. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu akiwa hajui kujifunga kamba za viatu, alikuwa amempiga marufuku nyumbani kwake. Chanzo kilikuwa jokofu. Dokta alilichukua kwa dada yake kwenda kulitengeneza, akalipaka rangi ya bluu, akarudi kumuuzia mwenyewe. Zaidi ya mwaka dada hakutaka kumwona. Ni bibi harusi aliyelia mpaka mjomba akaruhusiwa kupiga video, na dada akatoa neno: "Video ije Jumamosi, tuione pamoja na wakwe. Ikifika, na wewe utaingia ndani. Isipofika, mimi sina mdogo."

Basi Dokta aliipiga ile video kwa moyo wote, akaihariri kwa moyo wote, bila kumwibia mtu hata sekunde. Alijishangaa. Ilikuwa Jumatano, kazi imekwisha, na mtu aliyezoea ujanja akikaa siku nzima bila ujanja huanza kuwashwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama unataka chumba, hakuna."

"Sitaki chumba. Nimesikia mgonjwa."

Mzee Funguo alimtazama usoni, akatazama kile kipimo shingoni, akasogea pembeni ampishe.

Laptop ilikuwa mezani, kioo cheusi, na maandishi meupe yanasema diski haionekani. Mzee alieleza kwa uchungu. Diski ya zamani ilikuwa ndogo, akanunua kubwa mnadani, muuzaji akamfungia papo hapo na kumhamishia kila kitu. Siku ya kwanza ilifanya kazi, siku ya pili haikufanya, ya tatu ikafanya, leo tena imegoma. Na hata inapokubali, inaonyesha nafasi ileile ya zamani.

"Nimenunua gunia, napewa kikombe!"

Dokta alifungua skrubu za chini, akainua mfuniko. Ugonjwa aliuona kabla hajavuta pumzi ya pili: utepe mwembamba wa waya unaounganisha diski ulikuwa haujaingia vizuri, umekaa upande upande. Dawa yake ilikuwa kidole gumba. Unasukuma, unasikia "tk", mgonjwa anainuka.

Lakini mtu anatozaje fedha ya maana kwa "tk"? Dokta alivaa kipimo masikioni, akafumba macho, akasikiliza. Alinusa kona zote nne. Akaagiza dirisha lifungwe, kisha lifunguliwe. Akaomba maziwa, kwa ajili ya mvuke wa betri, akayanywa. Jua lilipokaribia utosini ndipo alipotoa jibu.

"Mzee, diski mpya imekataliwa. Mashine inamlilia marehemu."

"Marehemu nani?"

"Diski ya zamani. Wameishi pamoja miaka mingi."

Mzee alifikiri kidogo. "Mwambie marehemu hakuwa akilipa chochote."

Dokta aliinama kama anayenong'ona na laptop, akasukuma utepe kwa kidole gumba. Mashine ikawaka. Mzee Funguo alipiga makofi, funguo zikalia kiunoni.

Hapo mtu wa kawaida angechukua ujira wake akaondoka. Lakini Dokta aliona kwenye kioo kitu kilichomfanya amezee mate. Muuzaji wa mnadani alikuwa amehamisha vitu vya diski ndogo kama vilivyo, kwa ukubwa uleule wa zamani, na sehemu yote iliyobaki ya ile diski kubwa ilikuwa haijaguswa. Kuirekebisha ni kubofya mara chache tu. Dokta aliitazama ile sehemu tupu, akamtazama mzee na funguo zake, na wazo likamshukia, zuri mno kiasi kwamba ilibidi akae chini.

"Mzee wangu," alisema polepole, "wewe umejenga ghorofa, unalala chumba cha walinzi."

"Sema tena?"

"Humu ndani mna uwanja mtupu mkubwa kuliko unaoutumia. Vyumba vimekaa bure. Havina mtu."

Neno "bure" lilimpiga Mzee Funguo pabaya. Alivuta kiti.

"Umewahi kusikia watu wakisema picha zao ziko mawinguni?" Dokta aliendelea. "Mawinguni wapi, mzee? Wingu lina rafu? Ziko kwenye diski ya mtu kama wewe! Mtu amekaa kwake, amekunja nne, anakula kodi. Hawanywi maji, hawaharibu choo, hawaleti wageni. Mimi nakujengea kuta, nakutafutia wapangaji. Unanilipa ufundi na udalali, basi."

"Hawaharibu choo," alirudia mzee, macho yamelegea kwa raha.

Dokta akajenga. Alibofya hapa na pale, diski ikagawanyika vipande sita, kila kimoja na herufi yake. Mzee alisimama nyuma yake akisimamia ujenzi, akataka kujua kama kuta ni nene, na kwa nini chumba cha mwisho kimekuwa kidogo. Kilipokamilika kile cha sita, Dokta alinyoosha kiganja.

"Bado," alisema mzee. "Mimi fundi namlipa mpangaji akishahamia. Nimewahi kujengewa vyumba ambavyo hakuna aliyekubali kuvikaa."

"Mpangaji atakuja kesho."

"Basi na fedha itakuja kesho."

Na kesho, kwa watu wa kazi ya Dokta, ni mbali sana; mteja akilala huamka na akili. Ilibidi mpangaji apatikane papo hapo. Dokta alipapasa mkoba. Kitu pekee kikubwa alichokuwa nacho, kizito cha kujaza chumba na kumtoa mzee wasiwasi, kilikuwa ile video. Akasema moyoni, nitaweka nakala tu, yenyewe nabaki nayo. Kuna ubaya gani?

"Una bahati, mzee. Ninao hapa mzigo wa kampuni moja ya picha. Wanatafuta pa kukaa leo leo."

Alichomeka diski yake, akaanza kunakili. Mzee alisogeza pua mpaka kwenye kioo.

"Hebu simama. Vitu vinaingia kwangu, lakini kule vilikotoka mbona bado vipo?"

"Ndiyo, ni nakala."

"Nakala? Mpangaji gani anahamia kwangu huku kitanda chake kiko kwa mwenye nyumba mwingine? Huyo mwezi wa pili ananikimbia! Kijana, miaka yote hii sijapangisha mtu mwenye makazi mawili. Ahame, au asihame."

Dokta alijaribu kueleza. Alieleza kwa lugha nyepesi, akaeleza kwa mfano wa kivuli, akaeleza kwa mfano wa muhuri. Mzee alikaza shingo. Mwisho Dokta alitoa pumzi, akachagua "kata" badala ya "nakili," na video yote ikatoka kwenye diski yake ikaingia chumba cha pili, kilichokuwa na dirisha zuri, kwa maneno ya mzee. Diski yake ya kuchomeka ikabaki tupu. Jasho lilimtoka kidogo, akalifuta.

"Sasa ujira wangu."

Mzee Funguo alitoa fedha, akazihesabu mbele yake, kisha akaanza kuzipunguza. "Kodi ya miezi mitatu mbele, ndiyo sheria ya nyumba. Wakala wa mpangaji si wewe? Haya. Na dhamana ya kuta. Na taka."

"Taka gani?"

"Kila mpangaji analipa taka."

Kilichobaki kilitosha kununua maandazi mawili, na yawe madogo. Dokta alicheka, kwa sababu fundi wa kweli hawezi kulia mbele ya mteja. Na kwa kuwa kiburi chake kilikuwa kimeumia, akataka kuonyesha kwamba bado yeye ndiye mtaalamu. Akamfundisha mzee kuweka neno la siri, na mzee alipolichapa kwa kidole kimoja, Dokta akageuka kutazama ukuta, kwa heshima ya kazi. Uungwana huo alikuja kuujutia sana.

Lakini hakuondoka mikono mitupu kabisa. Aliomba ampe mgonjwa dawa ya mwisho, akafungua mfuniko, akaulegeza ule utepe kidogo tu, ushike kwa kuomba Mungu. Mashine ikitikisika, itazima, ikizima, ataitwa, akiitwa, atahamisha video yake kimyakimya na kutoza upya. Alitembea kwenda zake akipiga mluzi.

Alhamisi hakuitwa. Ijumaa asubuhi alikaa ameikodolea simu macho, akaitikisa kuona kama ni nzima. Mchana ukafika, akaamua kwenda mwenyewe.

"Mgonjwa hajambo?"

"Mzima kabisa," alisema Mzee Funguo. "Nimemweka stoo juu ya mto, simgusi wala simzimi. Nyumba yenye mpangaji unaizimaje?"

Dokta alichungulia mlango wa stoo, akaona kufuli. Akajikaza. "Mpangaji ameghairi, mzee. Anataka kuhama leo."

"Notisi mwezi mmoja."

"Ana dharura!"

"Wote huwa na dharura. Aje mwenyewe, alete notisi, nikague kuta, ndipo tuzungumze. Ila mwambie wageni wanaruhusiwa kumtembelea. Mimi si katili."

Hakuna ujanja ambao Dokta hakuujaribu jioni ile. Alisema vitu vya mpangaji vinavuja. Alisema vina mende. Mzee akajibu kwamba kwa mende kuna faini. Basi Dokta akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni: alikwenda kusema kweli. Alisimama nje ya mlango wa dada yake, maana ndani haruhusiwi, akasema yote, kuanzia maziwa mpaka chumba cha pili. Hakuogopa kupigwa, aliogopa ule mlango kufungwa na usifunguliwe tena.

Dada alikuwa muuza vitambaa sokoni, mtu wa maneno machache na kanga iliyokazwa. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umempangishia mwanangu harusi yake," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Kwa kodi."

"Ya miezi mitatu mbele."

Dada alifumba macho, akayafumbua. "Nipeleke kwa huyo mzee."

Hatujui vizuri walichoongea, kwa sababu Dokta aliambiwa asubiri barabarani. Alisikia funguo zikilia, zikanyamaza, zikalia tena. Dada alipotoka alikuwa amekunja uso. "Vitu havitoki mpaka notisi iishe. Amekataa katakata. Lakini wageni wanaruhusiwa, si ndiyo? Basi kesho tunakuja wageni."

Ndivyo Jumamosi alasiri familia mbili zilivyojaa katika ua wa Mzee Funguo, wamependeza, wamekaa kwenye viti vya kukodi, na mwenye viti vya kukodi unamjua. Mbele alikaa mama wa bwana harusi, mwanamke mpana mwenye miwani, mikono juu ya pochi. Bibi harusi alimpungia mjomba wake. Dokta alijibu kwa tabasamu la mtu mwenye jino bovu.

Mzee Funguo akatoka stoo kwa hatua za taratibu, laptop mikononi ikiwa inawaka juu ya mto wake. Akajikwaa kwenye kizingiti. Hakuanguka, na laptop haikuanguka. Ilitikisika tu.

Kioo kikaganda, kikawa cheusi, yakatokea maandishi meupe.

Mama wa bwana harusi aliinama mbele, akarekebisha miwani. "Ndiyo imeanza?"

Dada alimgeukia Dokta, na katika macho yake hapakuwa na hasira, afadhali ingekuwa hasira. Alikuwa anamuaga. Dokta aliuona mlango wa dada yake ukifungwa kwa mara ya mwisho. Akainuka kwa mazoea, akavaa kipimo masikioni, akafumba macho. "Wapendwa, kinachotokea ni kwamba mashine hii bado inamlilia—"

"Wewe," alisema dada. "Fungua."

Dokta alivua kile kipimo. Alifungua skrubu mbele ya macho yote yale, akainua mfuniko, akaweka kidole gumba, akasukuma. Tk. Mashine ikaamka, Mzee Funguo akachapa neno lake la siri huku akilikinga kwa kiwiko, na video ikaanza.

"Hivyo tu?" aliuliza mzee.

Dokta alikagua vidole vya miguu yake.

"Siku ile ulikaa nayo toka asubuhi mpaka adhuhuri! Ukanywa maziwa yangu! Kumbe ni hivyo tu?"

Wakwe walianza kucheka mmoja mmoja, mpaka mama wa bwana harusi akavua miwani kufuta machozi. Lakini kicheko kilikufa chenyewe, maana kwenye kioo bibi harusi alikuwa anatoka chumbani, na mama yake anamrekebishia shela, anamrekebishia tena pasipo na cha kurekebisha, anashindwa kumwachia. Dokta alikuwa ameliona hilo peke yake siku ya harusi, akasogeza kamera, akatulia. Sasa dada alijiona. Alilia waziwazi, kanga mdomoni, na bibi harusi akaja kumkalia miguuni. Hata Mzee Funguo aliacha kuhesabu viti.

Video ilipokwisha watu walipiga makofi mpaka wapangaji wakachungulia milangoni. Dokta alitoa ile diski yake tupu, akamsogelea mzee. "Sasa niruhusu niwahamishie wenyewe harusi yao."

"Iache hapo hapo," alisema dada, akijifuta uso.

"Dada?"

"Ikikaa kwako, wiki ijayo naiona sokoni imepakwa rangi ya bluu. Huyu mzee kitu kikiingia kwake hakitoki. Mwanangu atazaa, wajukuu wataikuta."

Mama wa bwana harusi alishtuka kama aliyekumbuka jambo. Alifungua pochi, akatoa simu yake. "Mzee, mimi picha zangu zote ziko humu, na simu yenyewe inakata roho. Hapo kwako nafasi ipo?"

"Ipo," alisema Mzee Funguo haraka. "Chumba cha tatu kitupu."

"Na mimi nina za marehemu baba," alisema mjomba wa bwana harusi. Mtu wa nyuma akauliza kama nyimbo za kwaya zinakubaliwa. Watu wakaanza kuinuka na simu mkononi, na Dokta akaona mbele yake, kwa macho yake mawili, uwongo wake ukigeuka biashara halali. Alipenya katikati haraka, akainua mkono.

"Jamani, taratibu! Wapangaji wote mnapitia kwa dalali, na dalali—"

"Ni mimi," alisema dada.

Alikuwa ameshavuta kiti, amekaa kati ya meza na watu. Mzee Funguo alifungua kinywa kukataa, na dada akamwambia bila kupaza sauti kwamba hawa wote ni wakwe zake na majirani zake, akisimama yeye, wanasimama wote, na viti vyake atarudishiwa mara moja. Mzee alimwangalia kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutana na kufuli asiloliweza. Kisha, mbele ya mashahidi, akamkatia udalali. Hata mke wake, wanasema, hajawahi kuliona jambo hilo.

"Na mimi je?" aliuliza Dokta kwa sauti ndogo. "Wazo ni langu. Kuta nimejenga mimi."

"Wewe kazi yako ni kidole gumba," alisema dada. "Ikizima, unaitwa, unasukuma, unaondoka. Hakuna kunusa."

"Malipo yangu?"

Dada alikuwa anampokea mteja wa kwanza, hakugeuka. "Kesho Jumapili. Njoo mchana, ule. Mlango utakuwa wazi. Huo mkoba uache kwako, na jokofu usilitazame."

Dokta alisimama pale na diski yake tupu. Alikuwa ametoa wazo, kazi, kodi ya miezi mitatu na ada ya taka, akakosa hata nusu ya kile alichokipanga. Alitafuta moyoni mwake lile donge la mtu aliyetapeliwa, maana alilijua vizuri, alikuwa amewapa watu wengi. Hakulipata. Akamuuliza dada yake aje saa ngapi.